Samaki wa Ukutani

Mupendwa Neema,

Salamu nyingi toka Kalemie. Sisi tuko wazima. Mama yako mudogo amejifungua mutoto wa kike, na sasa nyumba nzima inalala pale mutoto anapokubali.

Unaniuliza kama uache kuchora wakati wa konje, hii likizo ya masomo, maana wenzako huko Lubumbashi walicheka picha zako.

Mimi nilikulia Kirungu, juu milimani. Noeli ikikaribia, Mama alipaka ukuta udongo mupya, na sisi watoto tulipewa udongo mweupe tuupambe. Baada ya kulima, kuchora njo kulikuwa pumziko letu. Mwaka mumoja nikachora samaki ukuta muzima. Lakini ziwa, kule chini ya milima, nilikuwa sijaliona. Samaki niliowajua walifika sokoni wamepasuliwa na kukaushwa, basi nikawachora vile vile, wamefunguka kama kitabu, wakiogelea.

Mujomba wangu, muvuvi wa Moba kando ya ziwa, alipokuja kula sikukuu alicheka mpaka akakaa chini. Nikachukua kitambaa chenye maji nifute. Mama akanishika mukono.

"Acha. Hawa njo samaki tunaokula sisi."

Mujomba akaomba udongo mweupe, akachora mutumbwi wake pembeni yao.

Leo ninaishi kando ya ziwa, samaki hai ninawaona kila asubuhi. Lakini Noeli ikikaribia, nikikaa kushona maua na samaki kwenye vitambaa vya meza, wangu bado wanaogelea wamepasuliwa. Ninakutumia kimoja.

Na wale wanaocheka, wape kalamu.

Bibi yako,
Anastazia