Kuku wa Bafuni

Jumatano, Oktoba 15, 2025

Audrey ameleta kuku. Mzima! Na manyoya yake na kelele zake!

Nilikuwa nimetoka kazini Wheaton, nimechoka. Kumwogesha yule bibi mzee ninayemtunza siku akikataa maji si mchezo. Nafungua bafu ninawe miguu — kuku ananiangalia. Nilipiga nduru. Halafu nikacheka peke yangu. Tangu nitoke Bungoma kuja Amerika sijashika kuku mwenye joto.

Nimejua ni wa Jumapili. Mchungaji Dunstan na akina mama wa kundi letu wanakuja kuombea nyumba, na kwetu mgeni wa heshima hapewi kuku wa barafu. Huyu mtoto anajibu kila kitu kwa Kizungu, anasoma chuo pale College Park, ameacha nyama mwaka wa pili sasa — kumbe mila anazo! Yeye mwenyewe sijamkuta. Ameacha ujumbe tu kwa simu: Mum, nitaeleza kesho, usifungue dirisha.

Nimempiga kuku picha pale ndani ya bafu. Nikatuma kwenye kundi: Jumapili msikose, Audrey ametuletea ingokho, kuku wa kwetu mwenyewe. Rosemary, mwenyekiti wetu, amejibu hapo hapo. Ati firigisi ni ya Mchungaji lakini mchuzi ni wake.

Nina furaha leo.

Alhamisi, Oktoba 16

Mungu wangu. Si wa kuliwa.

Audrey amerudi asubuhi, macho mekundu. Amenikalisha kitandani kama mimi ndiye mtoto. Juzi yeye na mwenzake Ethan na wanafunzi wengine walienda jimbo la jirani — amesema jina nisilitaje popote — kusimama na mabango nje ya shamba la mayai. Wasimame tu. Lakini mlango wa banda ulikuwa wazi, wakaingia. Anasema kuku wamekanyagana, wengine wamekufa chini ya wenzao. Huyu mguu umevimba, hawezi kufikia maji. Akamwingiza kwenye koti.

Nikamwambia turudishe, tuombe msamaha. Nitaenda na wewe, nitavaa ile nguo ya kanisa. Amecheka vibaya.

Ati jimbo lile limebadilisha sheria mwaka huu. Zamani ilikuwa faini na kuonywa. Sasa ukiingia shamba la mifugo kwa mambo ya maandamano, ukapiga picha, ukatoka na mnyama, ni kosa kubwa. Jela ya miaka! Wametungiwa wao kabisa, hawa watoto wa mabango. Kwetu nimewahi kuona mwizi wa kuku akipigwa mawe. Nilidhani huku tulikokuja ni afadhali.

Na Audrey si raia bado. Ana kadi ya kijani tu. Wakili wa wanafunzi amewaambia mwenye kadi akifungwa kwa kosa kama hilo anaweza kurudishwa kwao. Kwao wapi? Alikuja hapa amebebwa! Hata kumenya ndizi ya kupika hajui.

Nikauliza, wana ushahidi gani? Sura yake hawana, alivaa barakoa. Ushahidi ni kuku mwenyewe. Ana pete nyekundu ya plastiki mguuni, na nambari ya shamba.

Nikachukua simu pole pole.

Kwenye picha yangu pete inaonekana vizuri kabisa. Hata nambari unasoma.

Ijumaa, Oktoba 17

Nilifuta ile picha. Kazi bure. Imeshatembea!

Simu haikomi. Mtu wa Baltimore anataka kuku watatu. Mwingine anauliza kama nina jogoo. Kumbe kuna mtu ameituma makundi mengine na kuandika chini yake: kuku wa kienyeji, Beltsville, muone Mama Audrey. Na nambari yangu!

Nilikuwa namlisha bibi uji, simu ikalia tena. Mwanaume. Kizungu cha taratibu, cha adabu. Ameuliza kama bado ninaye yule mwenye pete nyekundu.

Wote wanauliza bei. Huyu hakuuliza bei.

Nikasema ameliwa. Akanishukuru, akanitakia siku njema. Uji ulikuwa umemwagika kifuani kwa bibi na sikuuona.

Nimempigia Baba Audrey, yuko Texas na lori lake. Nilitaka anipe moyo. Amesema neno moja: chinja. Nikasema Audrey hatanisamehe. Akasema, afadhali akuchukie akiwa hapo mezani kwako kuliko akupende kwa simu akiwa mbali.

Mume wangu haongei sana, lakini akiongea inabaki ndani kama mwiba.

Jumamosi, Oktoba 18

Leo Audrey alienda kuonana na wakili. Nikasema ni sasa.

Nilichemsha maji sufuria kubwa. Nikanoa kisu. Nikamlaza kuku, nikakanyaga mabawa vile mama alinifundisha. Yeye katulia tu. Ndiyo nikaona chini ya mguu. Kidonda cheusi katikati, pembeni kumevimba, kuna joto. Kama kile cha kisigino cha bibi wakati watoto wake walikuwa hawamgeuzi.

Mikono ikaacha kisu yenyewe. Nimeshtukia naosha na maji ya chumvi, nafunga bandeji, namwambia pole mama, pole, karibu tumalize. Kuku!

Pete nimeikata na mkasi. Nikaitupa chooni, ikaelea. Nikavuta maji, ikarudi! Mara tatu. Nimeifukia ndani ya unga wa ugali.

Audrey aliporudi akasema wakili amekataza wasiguse kitu chochote, kuharibu ushahidi ni kosa lingine. Nikamwambia basi tuko wawili.

Aliona bandeji. Aliona na kisu na sufuria, si mjinga. Alikuja akalaza kichwa mgongoni kwangu, vile alikuwa anafanya nikisonga ugali. Tulikaa hivyo.

Jumapili, Oktoba 19

Wageni wamekuja. Ningewaambia wasije wangeuliza kwa nini.

Nilinunua kuku aliyechinjwa kule Wheaton, na firigisi yake. Nikaona hatoshi, nikaongeza mapaja ya pakiti. Kosa! Rosemary alichota, akachungulia sufuria, akachota tena. "Mama Audrey, huyu kuku wako alikuwa na miguu mingapi?" Wote wakacheka mpaka machozi. Mchungaji akasema Amerika kila kitu kinazidi, hata miguu. Mimi nikacheka nao. Jasho hadi viatuni.

Tukasimama kwa maombi. Mchungaji amefika pale pa kuomba Bwana azibe midomo ya adui — kuku akataga! Na kuku akitaga atakaa kimya? Alitangaza. Bafu lote linalia ko-ko-ko-kweee!

Hakuna aliyefungua macho. Ndiyo nikajua kila mtu amesikia. Mchungaji akaanzisha pambio, akapandisha sauti, akina mama wakaitikia na makofi mpaka kuta zikatetemeka. Tuliimba mpaka akanyamaza.

Rosemary alibaki kuosha vyombo. Nikamwambia yote. Akaacha sahani ndani ya maji, akakaa chini sakafuni na ile suti yake. Kumbe ni yeye aliituma Baltimore. "Nilidhani nakutafutia wateja, dada yangu. Naapa, nilidhani umeanza biashara." Nilimfuta machozi na kitambaa cha vyombo. Nitamkasirikia nini, na mimi ndiye nilipiga picha?

Mchungaji, wakati wa kuondoka, alinishika mkono mlangoni. Akasema, dada, nikiapishwa mahakamani siwezi kusema uongo. Kwa hivyo bafuni sikwenda, hata nilipobanwa na haja.

Jumatatu, Oktoba 20

Ethan amechukuliwa na polisi jana jioni. Audrey ameambiwa asubuhi hii. Sikwenda kazini.

Kuna gari jeusi chini, wanaume wawili. Wanaongea na meneja wa jengo. Mmoja ana simu mkononi, anamwonyesha kitu. Picha yangu, itakuwa nini kingine.

Ni ile saa yake ya kutaga. Nimemfunga kuku mgongoni na leso, nikamfunika kichwa kama mtoto wa homa. Kwenye giza anatulia. Nasikia moyo wake.

Audrey amevaa viatu. Anasema atashuka mwenyewe aseme ni yeye. Kwamba nambari ni yangu, jina ni langu, bila yeye kusema watanichukua mimi. Amesema hayo kwa Kiswahili! Chote, mpaka mwisho, hakuchanganya hata neno. Ameniogopesha zaidi ya wale wa chini.

Nikamwambia: umesema vizuri. Nambari ni yangu. Picha ni yangu. Aliyesema ameliwa ni mimi. Kwa hivyo kuku ni wangu, nilimnunua, muuzaji simjui, na wewe hali nyama, utajulia wapi mambo ya kuku? Vua viatu.

Hataki kuvua.

Wakili hapokei simu. Alisema tusifungue mpaka waonyeshe karatasi ya hakimu. Nitajuaje karatasi ya hakimu, mimi niliyeachia darasa la tano?

Wanapanda. Nyayo nzito.

Wamegonga. Taratibu, kwa adabu — ni yule wa simu, najua ni yule. Anaita Mama Audrey, kama mtu wa nyumbani. Audrey ameshika kitasa. Nimeegemeza bega mlangoni, naandika hapa hapa kwenye ubao wa mlango, na hawezi kufungua bila kunisukuma. Hataweza kunisukuma. Ana nguvu gani, mtoto wa kula majani — Audrey, taratibu, utamuumiza kuku —