Usingizi Nilioupata kwenye Dagaa za Mwigobero

Mjukuu wangu Nyamburi,

Sisi huku Musoma wazima. Mtoto wangu ameota meno mawili, anang'ata kila mtu. Najua unacheka mimi kukuita mjukuu na umri wenyewe huu, lakini bibi yako ni dada yangu, basi na mimi ni bibi.

Umeandika kwamba usiku hulali, darasani unasinzia, na sasa unataka kuacha shule hapo Bunda. Ngoja kwanza.

Nilipokuwa rika lako nilikuwaga hivyo hivyo. Usiku macho makavu, mchana nalala kivulini huku dagaa za shangazi zinakauka ufukweni Mwigobero. Shangazi akanipa fimbo. "Kuanzia leo wewe ndiye wa kufukuza kunguru. Wakila dagaa, utakula ugali kwa chumvi!" Kila jua likichomoza ananiamsha, hata kama sikulala. Nikaona ananionea. Nilisinzia nimesimama, kunguru wakasherehekea.

Siku zikapita. Asubuhi moja nikashtuka ananitikisa. "We bibi harusi, amka! Unakoroma mpaka majirani wanauliza kama tumenunua mashine ya kusaga!"

Nililala usiku kucha! Nikaruka, nikapiga vigelegele, na yeye akapokea.

Kwa hiyo mama, usipigane na usiku. Amka mapema kila siku, hata Jumamosi. Mchana usilale, na jioni simu mwachie mjomba wako unayekaa kwake, ibaki sebuleni. Mwanzoni utachoka, vumilia. Shule usiache. Utalala, na hiyo shule utaimaliza macho yakiwa wazi.

Bibi yako mdogo,
Nyanjige