Punda Aliyekosewa Mguu

Nyumbani, uani kwa kinyozi,
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje na huko kukaa kutwa mbele ya kompyuta ukichora? Sisi huku ni wazima. Mama kifua kimemwachia, na wapwa zako wanakula kama mchwa. Salamu zimetosha. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Juzi tulikwenda kuiona filamu yenu ya katuni, ile ya kuku na punda wapelelezi wanaomsaka mwizi wa kengele ya shule. Nimeketi na bisi zangu, kifua mbele, mdogo wangu kachora. Mara anaingia kuku! Miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, anapitisha kidole mezani kutafuta vumbi, anaguna. Wanangu wakapiga kelele ukumbi mzima ukasikia: "Mama, ni wewe!" Shemeji yako alicheka mpaka bisi zikampalia. Nani alikupa ruhusa? Na mbona umeninenepesha vile? Hata kama ushahidi wote uliokotwa na kuku kwenye vumbi hilohilo, huku punda akishangaashangaa tu, sijakusamehe.

Lakini hilo ni langu, nitalimeza. Kilichonichoma ni huyo punda. Mmemsimamisha kwa miguu miwili kama mtu, koti jeupe, kitana nyuma ya sikio, na kuchechemea kule. Nani asingemjua? Na Baba mwenyewe yuko kando yangu! Unajua nilivyombembeleza hadi akakubali kuja? Tangu ulipoukataa mkasi wake ukaenda kuchora, hajapokea simu yako hata moja. Nilitaka siku ile yaishe. Wewe ukamfanya punda, tena ukamkosea mguu! Baba anachechemea wa kushoto, punda wako wa kulia. Akanyanyuka filamu ikiwa katikati.

"Hata mguu wangu haujui," akasema, akatoka.

Maneno niliyokusema njiani siyaandiki. Mtoto uliyelelewa ndani ya saluni yake, unaukosea mguu wa baba yako! Nilikasirika hadi nikapita nyumba.

Tulimkuta saluni. Anatembea nyuma ya kile kiti cha pembeni kinachotazama kioo, pale ulipokuwa ukikaa na vitabu vyako ukitoka shule. Anakwenda, anarudi, macho kiooni. Akaniita.

"Hebu kaa hapa. Tazama kiooni, usigeuke."

Nikakaa. Akapita nyuma yangu, na yule Baba wa kwenye kioo alikuwa anachechemea mguu wa kulia. Kama punda wako kabisa. Baba akasimama, akashika mgongo wa kiti.

"Kumbe alikuwa ananiangalia," akasema. "Miaka yote ile nikidhani anasoma."

Bado nina hasira na wewe, usijidanganye.

Mama anakusalimu sana. Shangazi fundi cherehani naye anakusalimu, anauliza kwa nini yeye hukumchora. Mungu aulinde mkono wako huo na akuweke salama ugenini.

Tangu juzi Baba anatembea na simu kwenye mfuko wa koti. Wateja wakipandisha sauti anawanyamazisha, anasema isije ikaita asiisikie. Kukupigia yeye hawezi, unamjua. Piga wewe.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata nikikugombeza.