Robine ya uani na fundi nisiyeweza kumtaja jina

Jumamosi, mwezi wa tano, 1956. Ukungu tangu asubuhi, mvua ndogo saa nne, sasa jua linajaribu kutokea upande wa Walikale.

Nimelowa leo mpaka kwenye mifupa, na si mvua iliyonilowesha.

Niandike jambo lenyewe kabla sijaanza kujitetea. Robine ya uani kwangu, koki ya kuchotea maji, imekuwa ikivuja tangu Pasaka, nami nimekuwa nikikataa kumwita fundi. Leo nimeamua kuitengeneza mwenyewe, nikaiharibu kabisa. Materinite nzima, hospitali ya wazazi, imekosa maji tangu saa tatu mpaka karibu saa tano, na mkunga wa materinite hiyo ni mimi.

Wakubwa wa materinite waliponipa nyumba hii ya matofali watu walisema nina bahati, maji ya bomba la materinite mpaka mlangoni. Bahati ninayo, sikatai. Nina robine, nina mlango wa mbao, nina vyumba viwili na mtu mmoja wa kulala ndani yake.

Ukiishi peke yako unasikia kila kitu. Mwanzoni lile tone lilinikera. Kisha nikalizoea. Kisha, niseme ukweli, jioni nikawa ninalijibu. Mama Ndoole, jirani yangu anayelima viazi nyuma ya ua wangu, alinisikia siku moja akauliza nina mgeni gani. Nikamwambia ninasali.

Mama Ndoole huyo ndiye aliyenisumbua kuhusu fundi. Uani kulikuwa na kidimbwi, na bata wake walikuwa wamehamia kwangu bila kuaga. Kila siku ananiuliza kwa nini simwiti fundi wakati karakana yake iko pale chini tu, mwendo wa kusali Baba Yetu tatu. Kisha anakumbuka mwenyewe na kushika mdomo.

Fundi wa maji hapa ni mmoja. Ukimtaka mwingine uende mpaka Goma. Na huyo mmoja ni mkwe wangu. Alimwoa Veronika, mtoto wangu wa pekee.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawakutani uso kwa uso. Akiniona njiani anapanda juu, anapita katika mashamba ya watu. Nikimwona mimi, najifunika kitenge kichwani na kuyageukia majani. Tukiwa na neno, tunalipitisha kwa mtu wa tatu. Jina lake silitaji, na hata humu daftarini, ambamo hasomi mtu, mkono unakataa kuliandika. Padri anatuambia hayo ni mambo ya zamani. Sawa, lakini padri hana mkwe.

Zamani Veronika ndiye aliyekuwa mtu wetu wa tatu. Mkwe wangu alinitumia chumvi, kuni, na siku moja mguu wa mbuzi. Nami nilimtumia ndizi na salamu. Tangu Veronika azikwe, miaka miwili sasa, hakuna kilichopita kati yetu. Watu wanatusifu. Wanasema, wale wawili wanajua heshima.

Si heshima. Ninaogopa macho yake.

Kazi yenyewe niliijua. Nilimchungulia siku ile alipoiweka robine hii, kupitia mlango wa matete wa jikoni. Ndani yake kuna kipande kidogo cha ngozi, cha mviringo, ndicho kinachozuia maji. Kikichakaa, maji yanapenya. Unafungua kichwa cha robine, unatoa ngozi mbovu, unatia mpya, unafunga. Basi nikakata mkanda wa ngozi wa sanduku langu la zamani, nikailainisha ile ngozi kwa mafuta ya mawese. Mkato ulikuwa mzuri, nisifiche. Mikono hii imekata vitovu vya nusu ya watoto wa kilima hiki. Kwa dereva wa materinite nikaazima ufunguo mkubwa wa chuma wa kufungulia nati.

Ila kabla ya kufungua robine, lazima maji yafungwe kule yanakotoka. Na koki kubwa ya kuyafunga iko ndani ya karakana yake, nyuma ya meza yake ya kazi. Ingebidi niingie na kusimama mbele yake. Ningeweza kumtuma Mama Ndoole, lakini kumtuma ni kumwita, na kumwita ndiko nilikokuwa nakukimbia. Nikajiambia nina mikono ya haraka. Nitafungua, nitabadilisha, nitafunga kabla maji hayajajua.

Maji yalijua.

Kichwa cha robine kiliruka kikapita karibu na sikio langu, kikaanguka kwenye viazi vya jirani. Maji yakanipiga kifuani. Nikaziba kwa kiganja, nikaziba kwa kitenge, nikaziba kwa kipande cha mgomba, mwishowe nikalikumbatia lile bomba kwa mikono miwili huku bata wakipiga kelele. Mama Ndoole alikuja akacheka kwanza, kisha akaniona uso, akaacha. Nilimsihi asiende kule chini. Akasema kuna wamama waliojifungua jana na hawana maji ya kuogesha watoto, akaenda. Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema akiwa njiani. Mimi nilikuwa na vidole kumi juu ya bomba, na havikutosha.

Pale, matopeni, nikakumbuka siku nyingine niliyojiambia maneno yale yale. Sijawahi kuyaandika. Nayaandika leo.

Veronika aliposhikwa na uchungu alikuja kwangu, kama ilivyo haki ya mtoto wa mkunga. Saa nne asubuhi mikono yangu ilishajua kwamba mtoto amekaa vibaya. Daktari alikuwa ng'ambo ya barabara, ningemwita kwa sauti tu. Nilimwita saa sita. Kwa saa mbili nilijiambia nitamgeuza mwenyewe, nimegeuza wengi, nina mikono ya haraka. Mtoto hakulia, na mama yake akamfuata kabla jua halijazama. Niliwaambia wote kwamba niliona hatari nikaita saa ile ile. Waliniamini, mkunga wa miaka mingi, na mama wa marehemu.

Hilo ndilo ninaloliogopa machoni pake.

Basi, ghafla maji yakafa chini ya viganja vyangu. Nikajua ameyafunga, na sasa anapanda kuja. Nguo zilikuwa zimenigandama mwilini, aibu ambayo mkwe haruhusiwi kuiona, nikakimbilia jikoni nikakaa nyuma ya mlango wa matete.

Alikuja kiubavu, kofia imeshushwa mpaka puani, uso umeelekea ua. Amekonda. Shati lake limepoteza vifungo viwili na hakuna wa kuvishona. Alikitafuta kichwa cha robine kwenye viazi, akakipata, akachuchumaa akinipa mgongo. Mama Ndoole alikuwa amebaki kule chini akisimulia kila anayepita. Hapakuwa na mtu wa tatu.

Basi akazungumza na robine.

"Robine," alisema, "umuambie mama, ngozi alikata iko muzuri. Nitaweka hii hii."

Alikwangua, akafuta, akaitia ngozi yangu mahali pake. Kisha akasema tena, sauti chini.

"Umuambie mama, miye nilijua unavuja. Tangi ilikuwa inashuka, nikafuata mabomba mupaka nikaona ni hapa. Nilikuwa nangojea aniite. Haniiti, nikasema basi, ananichukia, juu ya siku ile bibi yangu Veronika anakufa, miye niko Walikale, nalaza mabomba ya wazungu."

Miaka miwili. Mimi nilidhani ananihukumu, naye alidhani namhukumu. Waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo walituona sisi.

Na hapo, daftari, ningeweza kunyamaza. Hili nataka likumbukwe kuliko mengine. Angeondoka na hatia ambayo si yake, ningemtumia ndizi, na mimi ningebaki mama mwema aliyefiwa. Hakuna duniani ambaye angejua. Nililifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

"Robine," nilisema nyuma ya matete, "umuambie mutoto wangu, kosa si yake. Miye niliona mutoto amekaa mubaya saa ine. Munganga nilimwita saa sita. Nilitaka kumaliza na mikono yangu."

Ufunguo ukasimama mkononi mwake.

Hakugeuka. Alikaa chini kabisa, matopeni, mikono juu ya magoti. Mvua ndogo ikaanza, ikamnyeshea, hakuondoka. Nilisubiri apige kelele. Nilitamani apige kelele. Msamaha sikumwomba, niliona haya kuuomba kupitia koki ya shaba.

Baadaye alisimama, akakaza nati, akashuka kule karakana. Nikasikia bomba likikohoa, maji yakarudi. Akapanda tena kuchukua vyombo vyake. Alifungua robine, maji yakatoka. Akafunga, yakakatika.

"Robine, umuambie mama nimesikia," alisema. Alipofika kwenye ua akasimama, bado amenipa mgongo. "Kesho nitarudi kuangalia kama unavuja."

Sasa ni saa kumi. Nimekaa kizingitini na daftari juu ya goti. Bata wamerudi kwao. Uani kimya, na sikujua kitakuwa kimya kikubwa namna hii. "Nimesikia" ni neno gumu. Mtu anaweza kusikia na kusamehe, na anaweza kusikia na kuanza kuchukia polepole. Najiuliza ningefanya lipi mimi, kama ingekuwa yeye aliyechelewa kumwita daktari. Sipendi jibu ninalolipata.

Mara tatu nimeweka kiganja chini ya robine. Kimetoka kikavu mara zote. Mkwe wangu hajawahi kurudi kukagua kazi yake popote, watu humsema kwa kiburi hicho. Anajua vizuri kwamba haivuji. Na kesho ni Jumapili, siku ambayo hakuna fundi anayeshika chombo.

Nitapika chakula cha watu wawili. Nitapika mapema.