Swali la Baba Kuhusu Vumbi

Makongolosi, Jumapili

Na mimi nilidhani baba ananisikiliza kwa upole tu! Nilikuwa namweleza kuhusu vumbi na gesi ya galaksi ya mbali ninayoichunguza, ile ya makala ninayotakiwa kutuma kesho.

"Sasa mwanangu, umejuaje vumbi hilo ni la huko mbali, si la njiani?"

Mzee amechimba dhahabu maisha yake yote; mambo ya galaksi anayajulia wapi? Nilikereka, nikafungua kompyuta nimwonyeshe. Kumbe mbele ya galaksi yangu ipo nyingine, hafifu, na karibu nusu ya vumbi nililopima ni la hiyo.

Makala haiendi. Naogopa kumwandikia msimamizi wangu wa utafiti. Lakini ingechapishwa vile, na jina langu juu...

Nilimwongezea baba chai. Akapokea kikombe, akasema, "Basi, kapime tena."