Mkono Juu ya Utosi wa Nasra

Kaka,

Nasra ameitwa. Mwanao, yule uliyekuwa ukimrushia mpira ukumbini mpaka taa ikavunjika, ameitwa timu ya taifa ya kisiwa chetu, ya kriketi ya wanawake. Na atafungua yeye, kama wewe: apige wa kwanza, mpira ungali mpya na mrushaji hajachoka. Wanasafiri kesho asubuhi. Naogopa, Kaka.

Unanijua. Tangu utuache nimegombana na watu wazito magazetini na usingizi haukunipungua. Juzi tu nimeandika kwamba wakubwa wa kriketi wanavipenda visiwa vidogo kwa ajili ya picha, kisha wanavipa viwanja vibovu na ratiba ya mabaki. Wamenitukana, nikacheka. Lakini mtoto huyu akishusha begi lake kabatini, natoka chumbani nisilione.

Naiona ile siku. Mpira ulivyoruka kutoka kwenye ule mkeka tuliotandikiwa kwa kukosa majani, wewe ulivyochelewa kuinama, na ile sauti ya mpira kichwani mwako. Ulipona, ukarudi, ukacheza miaka mingi, ukayatoa jasho mataifa makubwa, na watangazaji hawakujifunza kulitamka jina lako mpaka unastaafu. Watu wanakumbuka hayo. Mimi nakumbuka sauti. Daktari alisema kilichokuondoa ni moyo, kichwa hakihusiki. Nimesoma kila nilichokipata ili nimpinge. Sikupata pa kumshika.

Kabla ya kila safari Mama alikuwekea mkono kichwani. Ulipohamia huku ughaibuni, Woolwich, ukawa unaiweka simu utosini, yeye anakuombea kule nyumbani, na sisi tunacheka pembeni. Hata asubuhi ya siku ile mpira ulipokupiga, simu uliiweka vilevile. Radhi alikupa, na mpira bado ukakupata.

Ndiyo maana jana nilishindwa. Nasra ukimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza, lakini jana alinifuata jikoni akasema polepole, kama aliyejifundisha njiani: "Shangazi, nipe radhi. Mama ameshanipa. Baba hayupo." Nikajifanya natafuta miwani. Miwani nilikuwa nimeivaa. Akaenda kuleta helmeti yake mpya, akanivisha, akaigonga kwa vidole. "Unasikia? Ngumu." Nilisikia kama mtu anabisha hodi, na mimi sitaki kufungua.

Najua ungesema lile lako: "Bi Makala, umepigana na kila mtu isipokuwa mpira."

Leo nimelizungusha jambo hili kila upande, kama ninavyozungusha hoja, na limeniishia hapa tu: nikimnyima, ataenda. Ni damu yako. Ila atasimama pale akinifikiria mimi, na anayefikiria mtu mwingine huchelewa kuinama. Sitaki kuwa mimi niliyemchelewesha.

Kwa hiyo kesho, kabla teksi haijafika, nitamwambia avue kofia. Nitauweka mkono kwenye utosi wake, pale pale Mama alipokuwekea wewe. Atajua kwamba naogopa. Na ajue.

Tangu ile siku sijatazama mechi hata moja, Kaka, hata zako. Hii nitaitazama, mpira wa kwanza, macho wazi. Nakuahidi. Akiinama kwa wakati, nitakuja kaburini kwako nikwambie. Asipoinama pia nitakuja, maana sina mwingine wa kumwambia.

Mungu akulaze pema. Tuombee na wewe huko.

Mdogo wako