Kulow na Nusu ya Sahani

Mwaka mmoja imepita sasa, Kulow, tangu utuache, na babu yako Dagane bado anaangalia mlango wakati wa chakula.

Ulikuwa kijana mpole, wallahi. Ngamia walikuja ukiwaita jina, fimbo hukuinua. Hata Gududa, ile mbaya yenye iliuma babu yako bega, kwako ilikuwa kama mbuzi. Lakini hiyo ni habari ingine.

Ile 1966, wakati wa vita ya shifta, barabara imejaa askari, kichwa ikaanza kukuuma kila asubuhi. Bega ya kushoto ikawa inagonga mlango ukipita. Ukasahau majina ya ngamia. Halafu ukawa unakula upande wa kulia wa sahani tu. Ya kushoto huigusi, na bado unalia njaa.

Babu yako alicheka. "Hiyo ingine unawekea nani? Mama mkwe?"

Mama mmoja mwenye kupigia majini ngoma akasema hiyo nusu ni ya jini. Basi kila siku tuliimwaga nje na kuchoma ubani.

Siku moja mke wako Bishara akazungusha sahani. Ukashangaa: "Kumbe kuna ingine!" Ukamaliza yote.

"Awowe, si jini," Bishara akamwambia babu yako. "Huko kushoto haoni."

Babu yako akamfokea: "Nyamaza! Utatuletea balaa." Sahani ikarudishwa vile ilikuwa.

Balaa ilikuja yenyewe. Kwa kizuizi ya barabara askari alikuita kutoka kushoto, hukugeuka. Walipokushika ukapiga kelele, wakasema wazimu. Ukapelekwa bara, hospitali ya wenye wazimu. Huko nani angezungusha sahani? Miezi miwili tu, ukafa.

Mutiso, dresa mwenye anafunga watu vidonda hapa Garissa, ndiye alitusomea barua ya hospitali. "Mzee, walipasua kichwa akiwa amekufa. Kulikuwa na uvimbe ndani, kubwa kama ndimu. Kulow hakuwa na wazimu."

"Na jini?" babu yako akauliza.

"Hakuna jini, mzee."

Sasa tunasikia huko Dadaab kuna kijana amefungwa kamba. Wanasema jini, na chakula yake nusu inabaki. Babu yako ameomba askari pasi ya barabara mara tatu. Wamekataa. Kesho alfajiri anaenda bila pasi. Sahani yako iko ndani ya shuka yake, na Bishara amekataa kubaki.

Tunakukumbuka sisi: babu yako Dagane, mama yako Shamso, mke wako Bishara na dada yako Nurto. Gududa mpaka leo haijakubali mtu mwingine. Maisha yetu yote, Kulow, hatutakusahau.